Mkomamanga Unasumbua? Hesabu Nyuma Kabla ya Kushika Bomba la Dawa

Komamanga huchukua miezi 5 hadi 7 tangu ua kufunguka hadi tunda kuvunwa. Kwa hiyo unachokiona leo kwenye tunda mara nyingi hakikuanza leo. Funza aliyemo ndani aliingia tunda likiwa dogo kama ndimu. Weusi uliojaa katikati ulipita kwenye ua. Ufa uliotokea asubuhi hii ulitayarishwa na wiki tatu za ukavu zilizotangulia. Anayekimbilia bomba siku dalili inapojitokeza huwa amechelewa, na mara nyingi ananyunyizia kitu ambacho hakikuleta tatizo. Kwa kila dalili hapa chini, jiulize kwanza: mti ulikuwa katika hali gani wakati jambo hili linaanza?

Fanya vipimo viwili kabla ya kuendelea. Kwanza, chimba sentimita 20 chini ya ukingo wa matawi, si shinani, uchukue udongo wa chini uuminye kiganjani. Ukishikamana bila kutoa maji, unyevu unafaa. Ukimomonyoka kama vumbi, mti una kiu hata kama juu pamelowa. Ukitoa maji au ukinuka, mizizi inakosa hewa. Pili, hesabu saa ambazo jua linapiga majani moja kwa moja. Mkomamanga unataka saa 6 kwa uchache, na 8 ni bora. Vipimo hivi viwili vinamaliza malalamiko mengi kabla hata ya kufikia wadudu.

Maua mengi, matunda hakuna

Mti mmoja hutoa maua ya aina mbili. Ua linalozaa lina kitako kinene, umbo la mtungi. Ua la kiume limechongoka kitakoni, umbo la kengele. Hilo halishiki tunda, likishatoa chavua hudondoka. Kwenye mti wenye afya kabisa, maua ya kengele yanaweza kupita nusu ya maua yote. Okota maua 20 yaliyoanguka uyapange. Kama karibu yote ni kengele, mti hauumwi, unafanya kazi yake ya kawaida.

Kama yanayodondoka ni yale yenye kitako kinene, hapo ipo sababu. Ya kwanza kuichunguza ni chavua. Mkomamanga hujizalisha wenyewe, hauhitaji mti wa pili ingawa ukiwepo husaidia, lakini nyuki lazima wapite. Mvua za mfululizo wakati wa maua huwazuia, na dawa ya wadudu iliyonyunyizwa mti ukiwa umechanua huwaua. Tumia brashi laini ya rangi: asubuhi petali zikishafunguka, pitisha brashi ndani ya ua la kengele hadi ishike unga wa njano, kisha iguse katikati ya maua ya mtungi matatu au manne. Rudia kila siku ya pili kwa muda wa wiki mbili. Matunda yakianza kushika, umejua kwamba tatizo lilikuwa nyuki.

Sababu ya pili ni maji. Udongo ukikauka kabisa au ukituama maji katika wiki za maua, mti huangusha hata maua mazuri. Ya tatu ni umri. Mche wa kipandikizi huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3, na maua ya msimu wa kwanza huanguka karibu yote. Mche uliotoka kwenye mbegu huchelewa zaidi, na tunda lake halilazimiki kufanana na la mama yake.

Kisha kuna kisa kimoja kisicho na tiba: ua lenye petali nyingi zilizorundikana kama waridi. Huo ni mkomamanga wa mapambo. Hauzai, na hakuna mbolea itakayoubadilisha.

Majani tele, maua hakuna

Mti ulionawiri, wenye machipukizi marefu ya kijani kibichi na majani makubwa laini, umeshiba naitrojeni kupita kiasi. Mara nyingi mwenye bustani hakuuwekea mti mbolea hiyo. Aliiweka kwenye nyasi zilizo jirani na mti, na mizizi ikaifuata huko. Simamisha naitrojeni yote kwa msimu mzima. Baada ya hapo, mti mkubwa unatosheka na samadi iliyooza vizuri kilo 10 hadi 15 kwa mwaka, na mche wa mwaka wa kwanza kilo 3 hadi 5, zikitandazwa chini ya ukingo wa matawi, mbali na shina.

Mkasi nao huleta hasara hiyohiyo. Maua mengi hutoka kwenye ncha za vijitawi vifupi vilivyobebwa na matawi ya miaka 2 au 3. Anayepogolea mti wote kwa usawa kama uzio wa michongoma anayakata matunda ya mwaka ujao. Acha mashina 3 hadi 5 yatoke ardhini, au moja ukipenda. Ondoa yaliyokufa, yanayosuguana na yanayojaza katikati, na usizidishe sehemu moja ya tano ya mti kwa mwaka. Machipukizi yanayoota chini ya shina yaondoe yakiwa bado laini. Yakikomaa hunyonya nguvu, na miiba yake hukufanya uogope kuyagusa. Vaa glavu za ngozi.

Mahali pasipo na baridi, mti unaweza kuendelea kuchipua mwaka mzima bila kupumzika, ukatoa ua moja hapa, tunda moja pale. Wakulima wa sehemu za joto huulazimisha kupumzika kwa kuunyima maji. Kwa mti uliovuka miaka 3 na ulio ardhini, simamisha umwagiliaji wakati wa kiangazi kwa siku 30 hadi 45, mpaka majani yageuke njano na karibu nusu yadondoke. Kwenye udongo wa kichanga siku 20 hadi 25 zinatosha. Kisha kata ncha za matawi sentimita 10 hadi 15, weka samadi, mwagilia kidogo mara ya kwanza, ongeza mara ya pili, na kuanzia mara ya tatu rudi kwenye kiwango cha kawaida. Maua hutoka kwa pamoja wiki chache baadaye. Usiufanyie hivi mti wa kwenye chungu, wala mti ambao tayari ni dhaifu. Hautapumzika, utakufa.

Matunda machanga yanadondoka

Machache yakianguka, mti unajipunguzia mzigo. Mengi yakianguka, rudia kipimo cha udongo. Yakianguka yakiwa na tundu, nenda kwenye sehemu ya funza. Mti wa mwaka wa 2 usiuachie zaidi ya matunda machache, na kwenye mti wowote, matunda mawili au matatu yaliyobanana kwenye kikonyo kimoja yabakishe moja. Yanapogusana ndipo vidung'ata (wadudu wadogo wenye unga mweupe) na funza hujificha, na yote hubaki madogo.

Tunda linapasuka

Hili ndilo lalamiko kuu, na dawa nyingi hununuliwa bure kwa ajili yake. Angalia aina ya ufa kwanza, kwa sababu ziko tatu na kila moja ina chanzo chake.

Ufa mrefu, safi, unaoonyesha punje, kwenye ganda lisilo na doa, ni ufa wa maji. Udongo unapokauka, ganda hupoteza uwezo wa kuvutika. Mvua ikinyesha ghafla, au mwenye mti akikumbuka kumwagilia kwa fujo, punje hunywa na kuvimba haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Ganda hushindwa. Ufa mdogo wenye umbo la nyota au herufi Y, uliokaa juu ya doa jeusi, ni wa bakteria. Ufa ulio kwenye upande mmoja tu wa tunda, pale ambapo ganda limegeuka kahawia na kukakamaa kama ngozi kavu, umeletwa na jua kali.

Huu wa maji hautibiwi, unazuiwa, na kinga yake ni kumwagilia kwa mpangilio ule ule tangu tunda likiwa dogo. Watu wengi humwagilia mara nyingi lakini kidogo mno. Lita 10 zikimwagwa juu ya mita moja ya mraba ni sawa na sentimita moja ya mvua, na kwenye udongo tifutifu hazishuki chini zaidi ya upana wa kiganja. Mti wenye matawi yaliyotanuka mita 2 unafunika takriban mita 3 za mraba. Ndoo moja shinani kila jioni hulowesha ngozi ya juu tu na kuiacha mizizi ya chini ikiwa kavu. Mti huo unahitaji lita 80 hadi 90 kwa mkupuo, polepole, zikizungushwa chini ya ukingo wa matawi, kila baada ya siku 7 hadi 10 wakati wa kiangazi. Kwenye kichanga toa nusu ya kiasi hicho, lakini mara mbili zaidi. Kwenye mfinyanzi refusha muda kati ya zamu, na uamuzi uachie kile kipimo cha kiganja. Mvua ikinyesha vya kutosha kufika sentimita 20, ruka zamu.

Matandazo ndiyo mlinzi wa pili. Tandaza majani makavu, mabua au vipande vya mti kwa unene wa sentimita 7 hadi 10, ukiacha pengo la sentimita 15 kuzunguka shina ili gome lisioze.

Na kama ulisafiri, umerudi, udongo umekauka kabisa na matunda yako nusu ya njia? Usiufurike mti kwa huruma. Toa theluthi ya kiwango cha kawaida, subiri siku 2 au 3, toa theluthi mbili, subiri tena, kisha rudi kwenye zamu kamili. Matunda yaliyokwisha komaa yavune kabla mawingu hayajafunguka, kwa sababu tunda lililokaa mtini kupita wakati wake hupasuka hata kama umwagiliaji ulikuwa mzuri. Lililopasuka leo lile leo au kesho. Ukiliacha mtini unawaalika nzi wa matunda na ukungu.

Upungufu wa boroni na kalisi nao huchangia kupasuka, na wauzaji wa mbolea hupenda kuanzia hapo. Boroni ikizidi kidogo tu huunguza mti. Bila majibu ya kipimo cha udongo au cha majani, usiiweke.

Tundu kwenye tunda, na kinyesi cha funza

Tundu la duara lenye unga wa kahawia unaonata mdomoni mwake, na harufu ya kuoza ukilisogeza puani: huyo ni funza wa kipepeo wa makomamanga, wa jamii ya Deudorix. Kipepeo hutaga yai mojamoja juu ya ua, kwenye taji (ile ncha ya tunda yenye meno) au kwenye ganda changa. Yai likianguliwa, funza hutoboa na kuanza kula punje. Akishaingia, dawa ya kunyunyizia haimfikii, na ndiyo maana kunyunyizia matunda makubwa yaliyotobolewa ni kumwaga hela.

Kinachofanya kazi ni mfuko. Tunda likifika ukubwa wa ndimu na ua likishanyauka kwenye taji, toa vumbi na mabaki ya ua kwa kidole, hakikisha hakuna tundu, kisha livishe mfuko wa karatasi au wa kitambaa chepesi na ufunge kwenye kikonyo, si kwenye tunda. Mfuko wa plastiki usiotoboka huliunguza na kuliozesha. Ukiweza, punguza matunda kabla ya kufunga, maana ukifunga mawili pamoja umefunga na mwanya kati yao. Dawa ya kibakteria ya Bacillus thuringiensis husaidia ikinyunyizwa wakati wa mayai na funza wachanga, kabla hawajatoboa. Ipige jioni, na irudie mvua ikiiosha.

Matunda yaliyotobolewa usiyaache chini ya mti. Yafunge kwenye mfuko mweusi uliobana, uache juani wiki mbili, au yafukie kina cha nusu mita. Nzi wa matunda nao hutaga kwenye matunda yaliyopasuka au yanayokaribia kuiva. Minyoo yao ni midogo, myeupe, na huwa mingi ndani ya tunda moja, wakati funza wa kipepeo kwa kawaida ni mmoja, mnene. Usafi na mfuko huwazuia wote wawili.

Nje zuri, ndani jeusi

Unalikata tunda lisilo na kovu, unakuta upande mmoja wa punje umegeuka jivu jeusi na ganda limebaki zima. Ni kuvu, mara nyingi Alternaria, aliyeingia kwenye ua miezi kadhaa iliyopita na kuanza kula akiwa amejificha chini ya taji. Hakuna dawa ya wakati wa mavuno. Matunda ya namna hii hujionyesha kidogo: huwa mepesi kuliko ukubwa wake, hugeuka rangi mapema na kwa namna isiyo ya kawaida, na mti ukitikiswa taratibu wakati wa kuvuna baadhi hudondoka yenyewe. Yapime mkononi dhidi ya mengine ya ukubwa uleule.

Kinga inafanyika baada ya msimu. Matunda makavu yaliyoganda mtini, matawi yaliyokufa na takataka za chini ndizo ghala la mbegu za kuvu huyu, kwa hiyo yaondoe yote kabla ya maua mapya. Usirushie maji juu ya matawi yenye maua, na punguza matawi ya katikati ili upepo upite.

Madoa kwenye majani na ganda

Chukua jani uliangalie kwenye mwanga. Doa dogo lililoloa maji, baadaye jeusi, likizungukwa na ukingo wa njano, huku matawi yakiwa na vidonda vyeusi vinavyovunjika na matunda yakiwa na nyufa za nyota: hiyo ni baka ya bakteria, Xanthomonas, adui mkubwa wa mashamba ya makomamanga nchini India. Husambazwa na matone ya mvua, mikasi na vipandikizi vilivyochukuliwa kwenye mti mgonjwa. Kata matawi yenye vidonda sentimita 5 hadi 10 chini ya kidonda siku kavu, uchome. Mkasi uoshe kila baada ya tawi kwa spiriti ya asilimia 70, au kwa klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Dawa za kopa (madini ya shaba) hupunguza kasi zikipigwa kwa kiwango cha kibandiko kabla ya mvua na baada yake. Haziponyi doa lililokwisha kutokea. Mti ulioshambuliwa mashina yote ni bora uondolewe kuliko kuulea uambukize mwingine.

Madoa meusi ya duara yasiyo na nyufa, yakifuatana na majani kugeuka njano na kupukutika baada ya siku za mvua, ni ya kuvu wa madoajani. Zoa majani yaliyoanguka, fungua katikati ya mti, na kopa hutosha. Madoa yaliyobonyea kwenye ganda, laini, yenye kuongezeka haraka wakati wa joto na unyevu, ni chule. Matibabu hayatofautiani sana.

Ukurutu wa kahawia unaokwaruza kama msasa, bila kuoza chini yake, si ugonjwa. Ni makovu ya thiripi au utitiri waliokwaruza ganda likiwa changa. Ukianzia upande wa kikonyo na kuenea, shuku utitiri. Punje za ndani ni nzima. Kula bila wasiwasi. Mwaka ujao kagua matunda yakiwa madogo kwa lenzi, na ukiwaona utitiri tumia salfa ya kunyunyizia, ila si joto likizidi nyuzi 32 wala ndani ya wiki mbili za kutumia dawa ya mafuta.

Upande mmoja tu wa tunda ukiwa na baka la kahawia, ule unaotazama jua la mchana na alasiri, tunda limeungua, na punje zilizo chini ya baka huwa nyeupe na kavu. Karibu kila mara mtu alipogolea sana upande huo. Acha majani yafunike, au weka kivuli cha wavu cha asilimia 30 kwa wiki za joto kali. Ile mifuko ya karatasi nayo hufanya kazi hii.

Majani: ya njano, yaliyojikunja, yanayodondoka

Njano ya majani ya zamani, mti mzima ukififia, ni njaa ya naitrojeni au mizizi iliyozama. Kipimo cha kiganja kitakuambia ni ipi. Njano ya majani machanga yenye mishipa iliyobaki kijani ni upungufu wa chuma, na kwa kawaida chuma kipo ardhini, ila udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) iliyozidi 7.5 umekifunga. Nyunyizia majani mbolea ya chuma, kisha shughulikia udongo kwa mboji; usiongeze chokaa wala majivu. Majani madogo yaliyosongamana nchani kama ua ni upungufu wa zinki.

Majani machanga yaliyojikunja na kunata ni vidukari. Fuata sisimizi, watakuonyesha walipo, kwa sababu wanakula utamu unaotoka kwao na kuwalinda dhidi ya wadudu marafiki. Piga maji yenye nguvu kwanza. Wakirudi, changanya sabuni ya maji isiyo kali mililita 5 hadi 10 kwa lita moja, unyunyize chini ya majani jioni, na kurudia baada ya siku 5. Mafuta ya mwarobaini mililita 5 pamoja na sabuni mililita 2 kwa lita hukamata pia nzi weupe na vidung'ata wachanga. Jaribu tawi moja kwanza, subiri siku mbili.

Ncha za majani zilizoungua, hasa kwenye chungu, ni chumvi iliyojikusanya. Mwagia maji safi ujazo wa mara tatu ya chungu yapite na kutoka chini. Chungu chenyewe kisipungue lita 40 kwa aina za kawaida.

Na majani yakipukutika yote wakati wa baridi, mti umelala. Kwaruza gome kwa ukucha: kijani chini yake maana yake uhai.

Punje nyeupe, tunda chachu

Komamanga haliivi likishakatwa. Lililochumwa mapema litabaki chachu hata likae mezani mwezi mzima. Rangi ya ganda pekee hudanganya. Tafuta ganda lililopoteza mng'ao, mbavu zilizoanza kuwa bapa badala ya duara kamili, na mlio mkavu kama wa bati ukiligonga kwa kidole. Kata kwa mkasi karibu na tunda. Ukilivuta unachana ganda na kuacha mlango wa ukungu.

Rangi hafifu ya punje huenda isiwe kasoro. Aina ya Mollar de Elche ni ya waridi tu na tamu. Wonderful na Bhagwa ni nyekundu. Hata hizo nyekundu hupauka zikiiva kwenye joto kali. Onja kabla ya kulalamika. Ukitaka kuhifadhi, nyuzi 5 hadi 7 zinafaa. Chini ya 5 ganda hupata mabaka na punje hubadilika kahawia.

Tawi moja linanyauka, kisha jingine

Hapa usingoje. Chimbua udongo shinani uangalie, kwa mpangilio huu. Gome laini, jeusi, lenye kuoza usawa wa ardhi: maji yametuama. Chimba shimo la sentimita 30 pembeni, lijaze maji, likikauka lijaze tena. Yakiwa bado yamo baada ya saa 24, hapo mahali hapafai. Mti mchanga uhamishie kwenye tuta la urefu wa sentimita 30, mkubwa uchimbie mfereji. Vumbi la mbao na vitundu shinani: kipekecha shina. Ingiza waya laini hadi umguse, kisha ziba kwa udongo mfinyanzi. Mizizi midogo yenye vifundo kama shanga: minyoo fundo. Mboji nyingi na matandazo huusaidia mti kuvumilia, lakini haviwamalizi minyoo hao.

Kama hakuna hata kimoja cha hivyo, kata tawi lililonyauka ukatazame sehemu iliyokatwa. Mbao ikiwa na mabaka ya kijivu cheusi yanayotawanyika kama miale kutoka katikati, ni mnyauko wa kuvu Ceratocystis, na mti hautapona. Ung'oe na mizizi yake yote, uchome hapo hapo bila kuuburuta katikati ya bustani, osha jembe na mkasi, na usimwagilie kwa mfereji unaotoka kwenye shimo hilo kwenda kwa miti mingine. Shimo usilirudishie mkomamanga. Mche mpya upande mbali nalo, upande wa juu wa mteremko, ukitoka kwenye mti mama uliouona kwa macho yako ukiwa mzima.